HATARI YA PICHA NA VIDEO KATIKA KOMPYUTA ZA ZAMANI

Watumishi wa Serikali na wakazi wa Shirimatunda wanafahamishwa kuwa faili la picha au video laweza kubeba maagizo ya siri. Programu inayolifungua ikiwa na kasoro, maagizo hayo hutekelezwa bila mwenye kompyuta kujua. Kasoro ya namna hiyo iligunduliwa katika Windows mwishoni mwa mwaka 2005, na katika simu za Android mwaka 2015. Zote zilitolewa masahihisho. Lakini mfumo uliokwisha muda hauyapati tena. Windows 7 ilikoma kupewa masahihisho ya kawaida tarehe 14 Januari 2020.

Kwa hiyo, kompyuta ya zamani yenye kumbukumbu za mishahara au viwanja itengwe na mtandao, nakala zihifadhiwe kando, na picha za kutumiwa zisifunguliwe humo.