Darasa la hereni kwa mtu wa Niboye: unalipia dakika ngapi za fundi?

Mtu mzima anayekaa Niboye, wilaya ya Kicukiro jijini Kigali, akitaka kujifunza kutengeneza hereni, mkufu, au kazi ya ukutani inayochanganya vipande vya kitenge, karatasi na majani makavu ya mgomba, hakosi pa kwenda. Caplaki, ushirika wa wasanii wenye safu za vibanda vya kazi za mikono, uko Kicukiro hiyohiyo. Kacyiru kuna Inema, iliyofunguliwa mwaka 2012 na ndugu wawili wachoraji, Emmanuel Nkuranga na Innocent Nkurunziza. Nyamirambo kuna kituo cha wanawake kilichoanzishwa mwaka 2007 na akina mama 18, ambako wageni hukaa chini na wenyeji kusuka. Mwenye siku nzima anaweza kupanda basi Nyabugogo hadi Muhanga, kilomita kama 50, kwa Azizi Life, akajifunze kwa wakulima ambao pia ni wafumaji wa katani.

Shida inaanza kwenye kulinganisha bei. Huyu anauza saa tatu. Yule anauza hereni utakayoondoka nayo. Mwingine ndani ya bei ameweka chakula cha mchana, matembezi na picha. Ukiziweka bei hizo sambamba unalinganisha vitu visivyofanana, na mara nyingi unaishia kuchagua namba ndogo. Mimi napendekeza kipimo kimoja: gawanya bei kwa dakika ambazo fundi anaweza kukuinamia wewe peke yako.

Tufanye hesabu kwa bei za mfano. Darasa la kwanza ni faranga 30,000 kwa saa tatu, wanafunzi 12, mwalimu mmoja. Dakika 180 zikigawanywa kwa watu 12, kila mmoja anapata dakika 15. Umelipa faranga 2,000 kwa kila dakika. Darasa la pili ni faranga 45,000, saa tatu vilevile, lakini wanafunzi ni wanne. Hapo unapata dakika 45, kila moja kwa faranga 1,000. Lile lililoonekana ghali limekuwa nusu bei. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mwandaaji ni "mnapokea watu wangapi, na wanaofundisha ni wangapi?" Bei ifuate baadaye. Akisita kujibu, hilo nalo ni jibu.

Nashikilia kipimo hiki kwa sababu kazi ya mapambo huharibikia vidoleni, mahali padogo sana. Chukua kipete, ile pete ndogo ya waya inayounganisha ndoano ya hereni na shanga zake. Mwanafunzi asiyeelekezwa huifungua kwa kuvuta ncha mbili ziachane, kushoto na kulia. Waya unapoteza duara lake, na hata ukiubana tena pengo linabaki. Inavyotakiwa ni kushika kila upande kwa plaizi na kusokota, ncha moja ije kwako na nyingine iende mbele, kisha kuirudisha kwa mwendo uleule hadi ncha zigusane. Fundi aliye karibu anakurekebisha mara moja na hutasahau tena. Fundi aliye upande wa pili wa meza ndefu haoni. Utatoka na hereni nzuri itakayodondoka ndani ya basi wiki inayofuata, na hutajua kwa nini.

Swali la pili: kazi itakuwa imefika wapi wewe utakapoketi? Hapa ndipo pesa nyingi zinapotelea, na imigongo ni mfano mzuri. Sanaa hii inatoka mashariki ya nchi, upande wa Kirehe, ambako ushirika wa Kakira pale Nyakarambi umeitunza kwa miaka mingi. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, ikapangwa kwa vidole juu ya ubao kuwa matuta membamba yenye pembe kali. Kisha inaachwa ikauke, na kukauka huko ni kwa siku, hakuharakishwi. Baadaye inapigwa msasa hadi iwe laini, ndipo rangi zinapoingia: nyeupe ya udongo mweupe, nyekundu ya udongo wa asili, nyeusi ambayo kwa jadi hutokana na utomvu wa mshubiri na majivu. Sasa, darasa la saa tatu haliwezi kubeba yote hayo. Utakachokuta mezani ni ubao wenye matuta yaliyokwisha kukauka, nawe utapaka rangi.

Kupaka rangi matuta ya mtu mwingine kuna raha yake, wala sioni ulaghai kama umeambiwa mapema. Lakini hujajifunza imigongo. Umejifunza hatua ya mwisho. Bei ya darasa la namna hiyo inapaswa kuwa chini kuliko ya darasa la siku mbili, ambapo siku ya kwanza unaunda matuta yako madogo na kurudi baada ya wiki kuyasugua na kuyapaka. Muulize mwandaaji kama anakubali mpango wa kurudi. Mtu wa Niboye ana faida ambayo mtalii wa siku mbili hana: yupo wiki ijayo, na wiki nyingine. Asinunue darasa lililoshonwa kwa kipimo cha mtalii.

Kwenye kusuka hali ni tofauti kidogo. Kikapu kamili cha agaseke hakimalizwi na mwanafunzi kwa alasiri moja, na anayekuahidi hivyo hajawahi kukisuka. Ndiyo maana madarasa mengi ya ususi hufundisha hereni au bangili: duara dogo la nyasi lililozungushiwa nyuzi za katani zilizotiwa rangi, mzunguko juu ya mzunguko, sindano ikipita katikati ya safu iliyotangulia. Mbinu ni ileile ya kikapu, kipimo tu ndicho kimepunguzwa. Nalipenda sana chaguo hili kwa anayeanza, kwa sababu kitu kinaisha siku hiyohiyo na mkono umepitia kila hatua. Ila hereni ni mbili. Wengi humaliza moja darasani, kwa hiyo hakikisha nyuzi na nyasi za kutosha ya pili unaruhusiwa kwenda nazo nyumbani. Hiyo ya pili, utakayoisuka peke yako sebuleni, ndiyo itakayoonyesha kama darasa lilikuwa na thamani.

Sasa shanga za karatasi, ambazo Uganda, hasa Kampala, zimewapa akina mama wengi riziki na zinafundishwa Afrika Mashariki yote. Tangazo la madarasa haya hupenda kusema kwamba vifaa vyote vimo ndani ya bei. Hesabu mwenyewe. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Ukiikata kwa urefu kuwa pembetatu nyembamba zenye kitako cha sentimita mbili, moja ikielekea juu na jirani yake chini, unapata vipande kama 20. Kila kipande kinaviringishwa kuanzia kitakoni juu ya kijiti cha meno, gundi kidogo mwishoni, na kinatoa ushanga wenye urefu wa sentimita mbili. Ishirini zikipangwa ni sentimita 40, karibu mkufu mzima wa shingoni, kutoka ukurasa mmoja wa kalenda ya mwaka jana. Gharama halisi ya vifaa ni vanishi, uzi, kifungio na gundi. Kwa hiyo usikubali neno "vifaa" lipandishe bei ya darasa la karatasi. Unacholipia hapo ni mkono wa kukufundisha kubana karatasi isilegee, na subira ya kupaka vanishi tabaka kwa tabaka, kila moja likauke kabla ya jingine. Darasa linalomaliza vanishi kwa saa moja linakupa ushanga utakaovimba ukiloa jasho.

Kwenye pembe ya ng'ombe, shaba, fedha au rezini, neno "vifaa" lina uzito. Pembe inahitaji msumeno, msasa wa daraja kadhaa kutoka wa kukwaruza hadi laini, na barakoa, kwa kuwa vumbi lake si la kuvuta puani. Rezini huanza kama vimiminika viwili vinavyopimwa kwa uangalifu, inataka glavu na dirisha wazi, na mara nyingi inahitaji siku nzima au zaidi kuwa ngumu kabisa, hivyo kitu chako hakitaondoka nawe jioni hiyo. Kwa madarasa haya bei kubwa ina sababu. Lakini uliza pia habari ya barakoa na glavu, na wasipokuwa nazo tafuta kwingine.

Jambo la ndoano za hereni wengi hawaliulizi. Ndoano za bei rahisi mara nyingi zina nikeli, na kuna watu ambao nikeli huwawasha hadi tundu la sikio likavimba na kutoa maji. Darasa zuri litakwambia ndoano zao ni za chuma kisichoshika kutu, za fedha ya 925, au za nini. Wasipojua, nunua zako mwenyewe uende nazo. Ni gharama ndogo, na hereni uliyoitengeneza kwa mikono yako halafu huwezi kuivaa ni hasara inayouma.

Sasa nirudi kwenye uchaguzi wenyewe, nikiwa upande wa mkaazi wa Niboye. Caplaki ningeipa nafasi ya kwanza kwa mtu anayejua anachotaka. Nenda siku ya kazi asubuhi, wakati wateja ni wachache, utafute kibanda ambacho mtu ameshika kazi mkononi. Si kila anayeuza ndiye aliyetengeneza, na hilo utalijua kwa kuuliza swali moja la ufundi: hii mmeipiga msasa wa namba ngapi, au hii rangi ya katani mnaichemsha na nini? Ukimpata fundi wa kweli, patana naye saa mbili za kufundishwa. Tuseme mmekubaliana faranga 20,000. Hata wateja wakimchukulia nusu ya muda, umebakiwa na dakika 60, kila moja kama faranga 333, na nauli ni ndogo. Kasoro yake ni kwamba fundi hodari si lazima awe mwalimu hodari. Wengine hukunyang'anya kazi wakaimalizia wenyewe kwa huruma. Mwambie tangu mwanzo kwamba unataka ikiharibika iharibikie mikononi mwako.

Nyamirambo inafaa mtu anayetaka kujifunza pamoja na wenzake na kusikia maisha ya mtaa. Ni ng'ambo ya mji, kwa hiyo weka nauli ya kwenda na kurudi ndani ya hesabu. Mwenye Kiswahili atajisikia nyumbani, kwani Biryogo na Nyamirambo ni mitaa ambayo lugha hii imezungumzwa kwa vizazi. Nyumba za sanaa za Kacyiru zinamfaa zaidi anayetaka kazi mseto ya ukutani kuliko anayetaka hereni: rangi, turubai, vitenge, na wachoraji wa kuwatazama wakifanya kazi. Muhanga ni siku nzima, na bei yake lazima iwe juu, lakini ndiko unakoona jani la katani likikwanguliwa hadi nyuzi zibaki. Ningeichukua kama zawadi ya mwaka, tena kwa mtu aliyekwisha kujifunza kusuka kidogo, ili asipoteze siku hiyo akihangaika na sindano.

Chaguo ninaloliamini zaidi halitangazwi popote. Majirani wanne wa mudugudu (kijiji) mmoja, labda walio tayari katika ikimina (chama cha akiba) kimoja, wamwite fundi nyumbani kwa mmoja wao. Tuseme fundi anataka faranga 72,000 kwa saa tatu pamoja na nauli yake. Kila mmoja anatoa 18,000 na kupata dakika 45, yaani faranga 400 kwa dakika. Vifaa wananunua kwa pamoja: plaizi tatu, moja ya mdomo wa duara, moja ya mdomo bapa na moja ya kukatia, kisha vipete, ndoano na uzi. Plaizi hizo zinabaki, na mwezi ujao wanakutana bila fundi, wanamwita tena wakikwama. Hakuna darasa la mjini linalokupa mwezi wa pili kwa bei ya chai.

Kabla ya kulipa, mambo mawili ya hapa kwetu. Kwanza, uliza kama bei iliyotajwa ina TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ndani. Kodi hiyo ni asilimia 18, hivyo darasa la 45,000 ambalo halijaiweka litakuwa 53,100 mwishoni. Fundi mdogo asiyesajiliwa kwa TVA hatakutoza, na hilo ni halali kwa biashara iliyo chini ya kiwango cha mauzo kilichowekwa na sheria. Kwa aliyesajiliwa, dai risiti ya kielektroniki ya EBM yenye namba yako ya simu: mnunuzi wa mwisho aliyejiandikisha hurudishiwa asilimia 10 ya TVA aliyolipa. Kwenye darasa la 45,000 lenye kodi ndani, hiyo ni kama faranga 686.

Pili, kalenda. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, hivyo darasa la siku hiyo haliwezi kuanza mapema, na mwandaaji akikuuzia darasa la saa tatu linaloanza saa tatu asubuhi, muulize saa hizo zitatimia vipi. Omba tarehe nyingine, na uombe ikae Jumamosi ya mwanzo wa mwezi, ili ubakiwe na wiki tatu za kusuka ile hereni ya pili kabla ya kurudi kumwonyesha fundi.