Je, Wajua? Ziwa Kivu Chini ya Mtumbwi Wako

Kutoka vilima vya Kadutu, mjini Bukavu, Ziwa Kivu huonekana ng'ambo ya paa za mabati. Jumapili moja, changeni pesa ya mafuta na marafiki, mshuke ufukweni, mpande mtumbwi wa injini. Mkiwa majini, elezaneni haya.

Je, wajua kwamba Bukavu ina rasi tano? Zote zimeingia ziwani. Mtumbwi ukiambaa pwani polepole, mji unajificha na kujitokeza tena kila mkizunguka rasi nyingine. Bebeni sweta: ziwa liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na jioni kuna baridi.

Je, wajua kwamba maji haya yaligeuza njia? Hapo kale yalitiririka kaskazini kuelekea Nile. Volkano za Virunga zikaziba bonde, ziwa likajaa hadi likatokea kusini. Leo mto Ruzizi unaanzia hapa hapa Bukavu na kushuka karibu mita 700 hadi Ziwa Tanganyika.

Je, wajua kwamba samaki hukaa ghorofa ya juu tu? Kina cha Kivu hukaribia mita 480, lakini chini ya mita 60 hivi hakuna oksijeni. Maji ya kilindini yana joto kuliko ya juu, ila hayapandi. Chumvi na gesi ya kaboni vimeyafanya mazito. Humo mna pia methani, mita za ujazo bilioni 60 hivi. Tangu 2016, mtambo wa KivuWatt upande wa Rwanda huivuta na kuzalisha umeme.

Je, wajua kwamba samaki aitwaye sambaza ni mgeni humu? Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Usiku wavuvi huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu na kuwasha taa. Sambaza hufuata mwanga. Akikaangwa huliwa mzima, kwa bugali.

Je, wajua kwamba Ijwi, humu Kivu, ni kisiwa cha pili kwa ukubwa katika maziwa ya Afrika? Kinachokizidi ni Ukerewe, Tanzania.

Je, wajua kwamba chupa iliyotupwa mtaroni Kadutu inaweza kuzima taa? Mvua huipeleka ziwani, na mkondo huisukuma hadi bwawa la Ruzizi I, ambako taka za plastiki zimekuwa zikikwamisha mitambo ya umeme. Kwa hiyo kila chupa mliyopanda nayo, shukeni nayo, na watoto muwaambie sababu.