Mtungi Mdogo wa Gesi: Mizani Kwanza, Kiberiti Baadaye

Mwisho wa mwezi unapokaribia na mshahara haujaingia, katika baadhi ya kambi zetu na mitaa inayozizunguka huonekana biashara isiyo na kibao wala leseni. Mtu huja na mtungi mkubwa wa gesi, akaupindua kichwa chini juu ya matofali, akaunganisha bomba fupi, na akina mama wakapanga mstari na mitungi yao midogo. Kila mmoja hulipa kwa kadiri ya fedha aliyonayo mkononi, shilingi elfu kumi au elfu kumi na tano. Jioni chai huchemka, watoto hunywa, na mambo huonekana kuwa yamekwisha salama.

Si haki kumcheka mama huyo. Kuubadilisha mtungi wa kilo 6 kwa wakala kunahitaji fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, na ikiwa bwana yuko doria au yuko mbali kikazi, fedha hizo hazipatikani kila siku. Makaa nayo yamepanda bei. Anayenunua gesi kidogo kidogo anafanya hesabu yake vizuri, isipokuwa kuna jambo moja asiloliona katika hesabu hiyo: gesi ya kupikia huuzwa kwa uzito, na mtu anayeijaza bila mizani hajui ametia kiasi gani. Akitia kidogo, amekuibia. Akitia nyingi mno, amekupa hatari uipeleke nyumbani kwa mikono yako mwenyewe.

Tuanze na hiyo hatari, maana ndiyo isiyoeleweka sana. Ndani ya mtungi gesi haikai kama hewa ndani ya mpira wa gari. Imeshindiliwa hata ikawa maji, na juu ya maji hayo hubaki nafasi yenye mvuke. Nafasi hiyo si hasara ya mnunuzi. Kiwandani mtungi hujazwa maji ya gesi kiasi cha sehemu 80 hadi 85 kwa mia tu, kwa makusudi. Maji ya gesi hutanuka sana yapatapo joto, kiasi cha sehemu 2 hadi 3 kwa mia kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Sasa fikiria mtungi uliojazwa pomoni asubuhi ya baridi, kisha ukawekwa ndani ya nyumba ya bati, zile ambazo askari polisi wengi huziita yuniporti, ambamo saa nane mchana mtu mzima hawezi kukaa. Maji ya gesi yatatafuta mahali pa kutanukia na hayatapaona. Hapo ni vali itakayofunguka na kumwaga gesi chumbani, au chuma chenyewe kitakachopasuka.

Anayepindua mtungi mkubwa juu ya mdogo anahamisha maji hayo moja kwa moja, naye hana njia ya kujua yamefika wapi. Wengine hata huumwagia mtungi mkubwa maji ya moto na kuuzamisha mdogo katika maji ya barafu ili gesi ikimbie upesi. Ukiona hivyo, mchukue mtoto uondoke. Kila bomba linapofunguliwa gesi nyingine humwagika chini, na mara nyingi hatua chache tu kutoka hapo pana jiko la makaa la muuza chapati.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipai juu kama moshi. Hutambaa sakafuni, ikaingia chini ya kitanda na ndani ya mfereji, ikangoja. Inatosha ifikie sehemu 2 hivi kwa mia za hewa ya chumba ili ipate kuwaka. Chumba cha mita 3 kwa mita 4, chenye kimo cha mita 2 na nusu, kina mita za ujazo 30. Sehemu 2 kwa mia za hapo ni gesi ya kilo 1 na robo, na kwa kuwa hujikusanya chini, hata pungufu ya hiyo yaweza kuleta msiba. Katika mtungi wa kilo 6 kuna zaidi ya mara nne ya kiasi hicho.

Wenzetu wa Kenya walikwisha kuyaona haya kwa kipimo kikubwa. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, lori lililopakia gesi lililipuka mahali ambapo maombi ya kibali cha kujazia gesi yalikuwa yamekataliwa na mamlaka ya nishati. Watu kadhaa walifariki, na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Pale palikuwa na lori zima, kwetu ni mtungi mmoja juu ya matofali, lakini gesi ni ile ile na nyumba zimebanana vile vile.

Sasa nije kwenye vikopo, maana navyo vimeingia majumbani. Hivi ni vile vidogo vya bati jembamba vinavyotumiwa katika majiko ya safarini, vyenye gesi ya gramu 220 hivi, na huuzwa katika maduka makubwa ya Kampala. Kikopo kikiisha hutupwa, na hapo ndipo roho ya mwenye nyumba huuma, akatafuta fundi wa kukijaza kutoka kwenye mtungi wa jikoni. Jambo hilo halina njia ya salama hata kidogo. Kikopo cha namna hiyo kwa kawaida kimetengenezwa kwa butani, ambayo msukumo wake ni mdogo. Gesi ya mtungi wa jikoni mara nyingi ni mchanganyiko wa butani na propani, na katika joto la nyuzi 40 msukumo wa propani peke yake hupita mara tatu ule wa butani. Bati lile halikuundwa kwa nguvu hizo, na vali yake haikukusudiwa kufunga tena na tena. Ndiyo maana juu yake huandikwa kwamba kisijazwe. Anayelipenda jiko dogo la safari na anunue mtungi mdogo wa chuma wa kilo 3, ikiwa wakala wake anao, au wa kilo 6, wenye kichwa cha jiko kinachofungwa juu yake. Huo umeundwa kujazwa kiwandani miaka mingi, na vyombo vya kuupima vipo. Kikopo kilichokwisha kisitupwe katika moto wa takataka, kwani mabaki ya gesi yaliyomo yatosha kumtoa mtoto jicho.

Sasa urahisi wa bei. Kila mtungi wa chuma umepigwa muhuri shingoni, na miongoni mwa maandishi hayo mna uzito wa mtungi ukiwa mtupu, mara nyingi kando ya herufi T.W. Tuseme wako umeandikwa 8.1. Ukijazwa gesi ya kilo 6 mizani lazima ionyeshe 14.1. Ikionyesha 13.3 umepunjwa gramu 800, ambazo ni zaidi ya sehemu moja ya nane ya fedha zako. Ikionyesha 15, usishangilie kwamba umepata nyongeza. Urudishe mara moja, kwa sababu ile nafasi ya kutanukia imeliwa.

Mimi mwenyewe nilijifunza hesabu hii kwa hasara. Kwa miezi mingi nilibadilisha mtungi kwa muuzaji mmoja karibu na nyumbani kwa sababu bei yake ilikuwa chini ya ya wengine, na kila mara mke wangu alilalamika kwamba gesi haifiki wiki ya tatu. Nilimwambia anapika maharage mno. Siku moja nikapita na mtungi kwa muuza nafaka, nikamwomba auweke juu ya mizani yake. Ulipungua kilo 1 na gramu 100. Nilipopiga hesabu ya kila kilo, yule wa bei nafuu alikuwa ghali kuliko wakala mwenye leseni barabarani, nami nikawa na deni la kumwomba mke wangu radhi. (Maharage, hata hivyo, yaloweshwe tangu usiku na sufuria ifunikwe, hapo alikubali kwamba nami nilikuwa na haki kidogo.)

Wakala halali hatakukatalia mizani, na ukikataliwa una haki ya kupeleka malalamiko kwa Shirika la Viwango la Taifa, UNBS, ambalo kazi yake mojawapo ni kukagua mizani na vipimo vya biashara. Pia angalia kifuniko cha muhuri kama hakijaguswa, na kama raba ya ndani ya vali haijapasuka.

Nyumbani, baada ya kufunga jiko, paka povu la sabuni kwenye maungio yote. Mapovu yakikua, gesi inavuja. Usitafute mvujo kwa kiberiti. Ukisikia harufu, ambayo hutiwa makusudi kwa kuwa gesi yenyewe haina harufu, funga mtungi, fungua mlango, usiguse swichi ya taa, toa watu nje. Mtungi usimame wima daima, usilazwe.

Inabaki shida ya fedha za mara moja. Nimeona mahali familia kumi zilizochanga kila wiki katika chama chao, na kila wiki familia moja ikabadilisha mtungi kwa zamu, kama wafanyavyo kwa sufuria na mablanketi. Kwa mchango wa kwanza kabisa walinunua mizani ya kuning'iniza, ambayo sasa hukaa kwa mama mmoja karibu na lango, na kila mtungi unaoingia hupitia kwake kwanza.