Reli ya wanaojitolea: kuanzisha si shida, kuongeza kilomita njo kazi



Kuna swali linarudi kila mara mu mikutano yetu: chama kikishaanza kutembea vizuri, tukipanue ao tukilinde vile kiko? Wenye haraka wanasema tufungue tawi ingine mara moja. Wenye kushika kasha wanakuna kichwa. Leo nataka kulieleza swali hilo kupitia kitu ambacho wengi wenu hamjakifikiria hata siku moja: reli. Si reli ya serikali, si ya sosiete ya migodi. Ni reli inayoendeshwa na watu wanaojitolea, ku Sussex, kusini mwa Uingereza. Inaitwa Bluebell Railway.

Mimi si ingenieri. Nilisoma ekonomi, kwa hiyo jicho langu linaenda kwanza ku hesabu, na hesabu za reli hii zinafundisha kuliko kozi fulani tulizokaririshwa.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Kuna nchi ambako serikali ilifunga njia nyingi ndogo za treni, kwa sababu barabara na magari vilichukua abiria wote. Kisha raia wakasema: njia hii hatutaiacha ife. Wakaikodi ao kuinunua, wakatafuta injini za zamani za mvuke, wakazitengeneza, wakaanza kusafirisha watu kwa tiketi. Mtu hapandi ili afike kazini. Anapanda ili aone na asikie vile babu yake alivyosafiri. Sehemu kubwa ya wafanyakazi hawapati mshahara. Wa kwanza duniani kufanya hivyo walikuwa watu wa Talyllyn, kule Wales, mwaka 1951, ku reli nyembamba ya mlimani. Bluebell ilifuata mwaka 1960, lakini yenyewe ku reli ya upana wa kawaida, ile ya treni kubwa.

Najua mmoja wenu anacheka: sisi huku tunangojea treni ya mizigo mpaka tunasahau siku, wao wanacheza na treni? Haki yako kucheka. Nami naandika kutoka Lubumbashi, mji ambao reli iliufikia mwaka 1910 na ambao bila reli usingekuwa vile uko. Lakini subiri kidogo, juu hesabu yao haina mchezo.

Njia yenyewe ilifunguliwa mwaka 1882, kati ya East Grinstead na Lewes. Mwaka 1955 shirika la reli la serikali likaifunga: abiria hawakuwa wa kutosha. Hapo akatokea mama mmoja wa eneo hilo, Madge Bessemer, mjukuu wa yule Henry Bessemer wa chuma cha pua. Akachimbua sheria za zamani zilizoruhusu reli ijengwe, akakuta zinalazimisha treni 4 kila siku. Shirika likabanwa. Agosti 1956 treni zikarudi, lakini kwa saa zisizofaa mtu yeyote na bila kusimama ku stesheni zote. Kisha Bunge likaondoa kile kifungu, na Machi 1958 njia ikafungwa tena. Sheria ya zamani iliwapa karibu miaka miwili tu.

Waliokuja baadaye njo watanipendeza zaidi, juu walikuwa wa umri wenu. Ni wanafunzi wachache walioita mkutano, Machi 1959, ku mji wa Haywards Heath. Mkutano uliongozwa na Bernard Holden, mtu wa reli kwa kazi na kwa damu: alizaliwa ndani ya stesheni ya Barcombe, ku njia ileile, baba yake akiwa mkuu wa stesheni. Vijana walikuwa na moto, mzee alikuwa na ujuzi. Ndoto yao ya kwanza ilikuwa kubwa mno: kufungua njia nzima, watu wasafiri kama zamani. Haikuwezekana. Wakachukua kipande tu, kutoka Sheffield Park hadi karibu na Horsted Keynes, kilomita 8 hivi. Treni ya kwanza ilitembea tarehe 7 Agosti 1960. Kwa sababu mwanzoni hawakuruhusiwa kuingia Horsted Keynes, hawakuwa na mahali pa kuzungusha injini, basi waliweka injini moja mbele na nyingine nyuma. Mwaka uliofuata waliruhusiwa kuingia stesheni.

Kuanzisha kulichukua kama mwaka mmoja na nusu. Shikeni hesabu hiyo.

Sasa tuingie ku uendeshaji, maana hapo njo watu wa nje wanadanganyika. Wanafikiri: kazi ni ya bure, basi reli haina gharama. Kumbe mtu wa kujitolea anakupa mikono yake. Hakupi chuma, hakupi makaa ya mawe, hakupi bima. Boila ya injini ya mvuke, kule Uingereza, kwa kawaida inapata kibali cha miaka 10. Kibali kikiisha, injini inasimama, hata kama jana ilikuwa inakimbia vizuri. Inafunguliwa yote, mabomba yanatolewa, chuma kilicholika kinabadilishwa. Kutengeneza injini kubwa kunaweza kula mamia ya maelfu ya pauni na miaka kadhaa. Kwa hiyo reli yenye injini nyingi inaweza kuwa na chache tu zinazotembea. Zingine ziko mu foleni ya karakana, kama wagonjwa mbele ya mlango wa daktari. Abiria akiziona zimelala anauliza: mbona haziendi? Zinangojea pesa na mafundi.

Makaa nayo ni shida mpya. Mgodi wa Ffos-y-Fran, kule Wales, uliokuwa unalisha injini nyingi za namna hii, uliacha kuchimba mwishoni mwa 2023. Leo makaa yanavuka bahari kuja ku nchi iliyoanzisha mapinduzi ya viwanda kwa makaa yake yenyewe! Mimi mtoto wa mji wa migodi, hilo lilinishangaza kuliko mengine yote.

Halafu watu wenyewe. Huku tunajua salongo: chifu ao mukubwa anaita, unatoka, unafagia, hata kama hutaki. Kujitolea ni kinyume chake. Hakuna wa kumwamuru mtu, na akichoka anaenda zake. Lakini treni haikubali kazi ya nusu-nusu. Mashinisti asiyelipwa anabeba uhai wa abiria sawasawa na yule anayelipwa, na sheria haimhurumii kwa sababu anajitolea. Anaanza kwa kusafisha injini, mafuta mpaka ku kiwiko. Kisha anajifunza kuchochea moto, anapita mitihani. Kuwa mashinisti kunachukua miaka mingi, juu anakuja wikendi ao siku zake za mapumziko tu. Hesabuni sasa treni moja ya siku moja: mashinisti, mchochea moto, mkuu wa treni, wakagua tiketi, watu wa signali, wa stesheni, wauza tiketi, wapika chai. Nyuma yao kuna timu inayobadilisha mataruma na kukata miti kandokando ya reli wakati wa baridi, wakati ambapo hakuna mtu anayepiga picha. Kazi ya mbele ya abiria inapata watu haraka. Ile ya kuzibua mitaro ya maji njo inakosa. Ni vilevile mu vyama vyetu: kila mtu anataka mikrofoni, nani anataka kuandika ripoti ya kasha?

Bluebell iliona mapema kwamba wazee hawatakaa milele, ikaanzisha klabu ya watoto na vijana, inaitwa 9F Club, jina la aina moja ya injini. Pia ina wafanyakazi wachache wa mshahara, kwa sababu kuna kazi zisizoweza kungojea Jumamosi.

Sasa kupanua. Wenzetu walitaka kufika East Grinstead, kaskazini, kwa sababu hapo treni za kawaida zinakuja moja kwa moja kutoka London. Bila kufika pale, reli yao ilikuwa kisiwa: lazima abiria aje na gari lake. Lakini mu miaka ya 1960 shirika la serikali lilikuwa limeng'oa reli kaskazini mwa Horsted Keynes na kuuza ardhi vipande-vipande. Ukitaka kujenga upya, unaenda kubisha mlango kwa mlango. Mmoja anauza leo, mwingine anakataa miaka kumi. Katikati ya miaka ya 1970 walinunua eneo la stesheni ya West Hoathly, wakati ambapo hakuna hata mita moja ya reli iliyofika huko. Mu 1985, baada ya uchunguzi wa hadhara, wakapata ruhusa. Mu 1992 wakapita handaki la Sharpthorne, na Aprili 1994 wakafungua stesheni ya Kingscote.

Tazameni namna walivyofanya: hawakungojea pesa ya njia nzima. Walijenga kipande, wakapitisha treni, tiketi za kipande kile zikaonyesha watoa michango kwamba kazi inatembea. Lakini shabaha ilikuwa kufika ku stesheni yenye maana. Ungejenga kilomita mbili zikaishia porini, umeongeza matumizi bila kuongeza abiria.

Kutoka Kingscote hadi East Grinstead zilibaki kilomita 3 hivi. Kilomita hizo 3 zilichukua miaka 19.

Daraja halikuwa tatizo kubwa. Lile la Imberhorne, lenye matao 10, lilikuwa bado limesimama, na walipewa mu 1992. Tatizo lilikuwa nyuma yake. Wahandisi wa zamani walikuwa wamekata kilima wapitishe reli. Reli ilipofungwa, wakubwa wa eneo waliona bonde hilo tupu, wakaligeuza pubele. Takataka za nyumbani za miaka kadhaa zikajaa mpaka juu, wakafunika kwa udongo wa mfinyanzi. Kwa hiyo wanaojitolea, waliojiunga kwa kupenda injini za mvuke, walijikuta wanasoma sheria za mazingira. Huwezi kuchimba taka hizo na kuzitupa shambani kwa jirani. Lazima zipimwe, zibebwe, zipelekwe ku jaa lenye ruhusa, na jaa linalipwa.

Walianza kuondoa udongo wa juu mwishoni mwa 2008. Kisha treni ya kisasa ikaja kutoka East Grinstead kubeba taka. Yaani reli ilianza kutumika kabla haijawa reli, kwa kubeba uchafu uliokuwa umeiziba. Lakini kulikuwa na saa inayokimbia. Waliosafisha ardhi iliyochafuliwa walikuwa wamesamehewa kodi ya kutupa taka, na msamaha huo ulikuwa unaisha tarehe 31 Machi 2012. Baada ya hapo, taka za namna ile zingelipiwa pauni 64 kwa kila tani, juu ya gharama ya kuchimba na kubeba. Kwa chama cha kujitolea, hiyo ni kifo cha mradi.

Walifanya nini? Hawakukimbilia tajiri mmoja. Walizindua mchango mmoja wa pauni 5 kwa mtu, na mwingine wa pauni 10. Ni kama likelemba, tofauti ni kwamba hakuna anayengojea zamu yake ya kupokea. Mwenye pesa ndogo aliweza kusema: tani ile, sehemu yake ni mimi nimeitoa. Tarehe 23 Machi 2013 treni ya abiria iliingia East Grinstead, na reli ikafika karibu kilomita 18.

Hapa wengi wangefunga hesabu. Mimi njo naifungua upya. Safari imekuwa ndefu zaidi ya mara mbili kuliko ile ya mwanzo. Makaa yanaungua zaidi, mabehewa yanachakaa haraka, na timu ya treni inamaliza siku kwa safari chache. Daraja la matao 10 lililopewa bure linadai ukaguzi na matengenezo kila wakati. Handaki linavuja maji. Ua wa pande mbili wa kila kilomita ni wao, mti ukianguka ni wao. Faida ya kuunganishwa na London ni ya kweli, lakini inakuja abiria kwa abiria. Gharama inakuja yote siku ya kwanza. Machi 2020, korona ilipofunga kila kitu, tiketi zilisimama siku moja. Boila, madaraja na bima havikusimama. Walilazimika kuomba tena michango ya haraka.

Na bado kuna wanaotaka kupanua. Kutoka Horsted Keynes kulikuwa na tawi lililokwenda magharibi, hadi Ardingly, na tuta la zamani la tawi hilo wamekwisha kulipata. Lakini daraja la Sheriff Mill, lililokuwa linavusha treni kule, lilibomolewa zamani. Safari hii hakuna matao yaliyosimama yakingoja mtu ayapewe. Lazima lijengwe jipya, kwa pesa ambazo karakana nayo inazidai kwa ajili ya injini zilizolala mu foleni.