"Hujambo" ya mara ya pili: Sydney na falsafa ya kuulizana hali

SYDNEY, Australia

Katika kitongoji cha Watsons Bay, mashariki mwa jiji la Sydney, pale bandari inapokutana na bahari kuu, aliishi mzee mmoja aliyeitwa Don Ritchie. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alikuwa baharia wa jeshi la Australia, na baada ya vita akawa muuzaji wa bima. Nyumba aliyohamia mwaka 1964 ilitazamana na majabali ambako baadhi ya watu waliokata tamaa walikwenda kwa nia ya kujitoa uhai.

Kwa karibu nusu karne Mzee Ritchie alijipa kazi isiyokuwa na mshahara. Alipomwona mtu amesimama peke yake mahali pasipofaa, alivuka barabara, akamsogelea taratibu, akamtabasamia na kumwuliza kama kuna lolote awezalo kumsaidia. Kisha alimkaribisha nyumbani kwake kunywa chai. Rasmi anahesabiwa kuwa aliokoa watu wapatao 160, na jamaa zake wanaamini kuwa idadi halisi ni kubwa zaidi ya hiyo. Mwaka 2006 alitunukiwa nishani ya taifa, na mwaka 2012 akafariki dunia.

Mzee huyo hakuwa daktari wala mhubiri, na wala hakusomea falsafa. Hata hivyo, kila alipovuka barabara alikuwa akijibu kwa vitendo maswali ambayo wanafalsafa wanayatolea jasho hadi leo: akili ya mtu iko wapi, nani awezaye kujua kilichomo ndani ya mwenziwe, na upendo una kazi gani katika kujua huko? Maswali haya, wasomaji wapenzi, yanatuhusu sana sisi wazungumzaji wa Kiswahili tulioletwa na misukosuko ya kwetu mpaka pembe hii ya dunia, na yanawahusu pia mlioko nyumbani mnaopokea simu zetu.

Akili ni nywele?

Australia ina jina kubwa katika falsafa ya akili. Katika miaka ya 1950 wanafalsafa wawili waliokuwa wakifundisha Adelaide, U. T. Place na J. J. C. Smart, walitetea hoja kwamba tunayoyahisi na kuyawaza si kitu kingine ila mambo yanayotendeka ndani ya ubongo. Hapa Sydney, Profesa David Armstrong aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Sydney aliikuza hoja hiyo katika kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1968. Kwa mtazamo huo hakuna roho iliyojificha nyuma ya ubongo. Maumivu, hofu, hata mapenzi, ni hali za ubongo zinazosababishwa na jambo fulani na kutufanya tutende jambo fulani.

Hoja hiyo ina nguvu, na haifai kuipuuza kwa kuwa tu haipendezi masikioni. Anayetumia dawa ya kutuliza wasiwasi akapata nafuu ni ushahidi kwamba mwili na mawazo havikai nyumba mbali. Wahenga wetu nao walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Katika chuo kikuu hicho hicho yuko Profesa Peter Godfrey-Smith, mwanafalsafa anayevaa vifaa vya kupiga mbizi na kwenda kuwatazama pweza baharini. Kitabu chake cha mwaka 2016 kinachunguza akili za viumbe hao. Watu wa pwani tumemzoea pweza akiwa katika supu, na huenda tusiamini kwamba ana seli za neva zipatazo milioni 500, na kwamba zaidi ya nusu ya hizo zimo mikononi mwake. Hutambua watu, hufungua vifuniko na hutoroka katika matangi. Lakini pweza wengi huishi mwaka mmoja au miwili tu, na kwa kawaida huishi peke yao. Mama hufa karibu na wakati mayai yanapoanguliwa, na mtoto hujitafutia maisha bila mtu wa kumwonyesha.

Tunamtaja pweza kwa sababu anatusaidia kuona tofauti. Akili peke yake yaweza kukua bila mwenzi. Mtoto wa binadamu akikosa wa kumbeba, kumsemesha na kumjibu, hata lugha ya kujisemea moyoni hataipata. Hapo ndipo "kila mtu ana zake" inapoishia, na linaanza neno jingine ambalo Kiswahili kimelitunza kwa uangalifu: utu.

Mtu ni watu

Mwanatheolojia wa Kenya John Mbiti, aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki Uswisi mwaka 2019, aliwahi kufundisha Makerere nchini Uganda. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba kwa Mwafrika mtu hawi mtu kwa nafsi yake pekee. Huwa mtu kwa sababu wapo wengine, na wale wengine wapo kwa kuwa naye yupo. Wengi wamelinganisha fikra hiyo na ile ya Mfaransa Descartes, ambaye alitafuta uhakika wa kuwepo kwake ndani ya kufikiri kwake mwenyewe.

Mombasa nako jambo hilo lilijadiliwa kwa ushairi. Mshairi Ahmad Nassir Juma Bhalo alilitungia utenzi mzima unaoitwa "Utenzi wa Mtu ni Utu". Msomi wa Kijerumani Kai Kresse, aliyeishi Mji wa Kale wa Mombasa akifanya utafiti, alimpa mshairi huyo nafasi kubwa katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu falsafa ya Waswahili. Kresse alionyesha kwamba falsafa haihitaji kuta za chuo kikuu. Hufanyika barazani, jioni, watu wameketi na kahawa chungu, huyu akitoa hoja na yule akiipinga.

Baraza ndilo jambo ambalo wengi wetu tulilipoteza tulipopanda ndege. Katika vitongoji vya magharibi mwa Sydney kama Blacktown, Auburn na Fairfield wanaishi watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Kenya, Tanzania na Uganda. Wapo wanaofanya kazi za zamu za usiku, wapo wanaosoma, wapo wanaolea watoto bila bibi wala shangazi wa kupokezana nao. Nyumba ni nzuri, zina uzio na mlango wenye kufuli, lakini hazina kibaraza cha kukalia wapita njia. Mtu anaweza kumaliza wiki nzima asiulizwe na yeyote zaidi ya kama anahitaji mfuko wa kubebea bidhaa alizonunua.

"Nina mawazo"

Australia ilianzisha huduma ya wakalimani kwa njia ya simu mwaka 1973, na leo mgonjwa asiyejua Kiingereza anaweza kuzungumza na daktari mkalimani akiwa mbali kabisa. Ni huduma ya kushukuriwa. Lakini kuna maneno yanayovuka daraja hilo yakiwa yamevunjika mguu.

Daktari akiuliza habari za afya ya akili, wengi wetu husikia neno moja tu: wazimu. Jibu huwa la haraka na la kujitetea: "Akili zangu ni timamu." Daktari anaandika kwamba hakuna tatizo. Mtu huyo huyo, akizungumza na nduguye, husema: "Ndugu yangu, nina mawazo." Kila Mswahili anajua maana yake. Mwenye mawazo halali vizuri, hali chakula kikashuka, na macho yake yako ukutani wakati wenzake wanacheka. Neno hilo likitafsiriwa jinsi lilivyo, daktari husikia kwamba mgonjwa wake ni mtu wa kufikiri, na pengine akampongeza.

Kiswahili hakikuuweka uchungu katika akili peke yake. Kiliugawa. Moyo huvunjika, roho huuma, nafsi husononeka, akili huruka. Aliyeumia moyo hatajitambua katika swali linalohusu akili. Hili si suala la kamusi tu. Yaweza kuwa tofauti kati ya mtu kupata msaada na kukosa.

Salamu iliyobaki ganda

Ingefaa hapa tujisifu. Lugha yetu ndiyo inayosalimu kwa swali. "Hujambo?" kwa maana yake ni kumwuliza mwenzio kama hana jambo lililomfika. Hatuishii hapo, tunauliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za tangu juzi. Mgeni akitusikia anadhani sisi ni watu tusioachana katika shida.

Ukweli ni kwamba tumelifundisha jibu litangulie swali. "Sijambo." "Salama." "Nzuri." Hata aliyefiwa hujibu nzuri kwanza, ndipo aongeze "lakini". Adabu hiyo ina hekima yake: humpa mtu nafasi ya kusimama kabla ya kuanguka, na humwachia achague kama atasema au atanyamaza. Tatizo ni pale tunapoondoka kabla ya "lakini" haijafika.

Kwa walioko ughaibuni hali ni nzito zaidi. Wakati wa baridi hapa, saa tisa za usiku Sydney huwa ni saa mbili za usiku Nairobi na Dar es Salaam. Ndiyo saa ambayo asiyepata usingizi huweza kupiga simu nyumbani na kuwakuta watu mezani. Anaulizwa habari za "majuu", anajibu nzuri. Anaambiwa ada ya shule inakaribia, anasema atatuma. Aseme nini zaidi? Aliyekimbia nchi yake akaokoka anaona hana haki ya kulalamika mbele ya waliobaki. Sisi waandishi tuliohama kwa sababu ya kalamu zetu tunalijua hilo vizuri: ni rahisi kuandika habari za mateso ya taifa zima kuliko kutamka sentensi moja kuhusu usiku wa jana. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hawakubagua maradhi ya mwili na ya moyo.

Kilichozaliwa Sydney

Inafaa kukumbusha kwamba jiji hili halikuzaliwa likijua kusikiliza. Lilijifunza kwa machungu. Mchungaji Alan Walker wa kanisa la Methodisti alizungumza kwa simu na mtu aliyekuwa katika dhiki, na siku chache baadaye akapata habari kwamba mtu huyo amejitoa uhai. Kutokana na msiba huo ilianzishwa Lifeline, mnamo Machi 1963: simu inayopokelewa na watu wa kujitolea waliofunzwa kusikiliza. Huduma hiyo imeenea Australia nzima na kuvuka mipaka yake.

Mwaka 2009 Gavin Larkin, mtu wa matangazo ya biashara ambaye baba yake alijitoa uhai mwaka 1995, alianzisha kampeni iitwayo R U OK?, yaani "Uko salama?". Kila Alhamisi ya pili ya Septemba watu wanahimizwa kuulizana swali hilo, kusikiliza jibu, kumhimiza mwenye shida achukue hatua, na kurudi kumwuliza tena siku nyingine. Larkin mwenyewe alifariki kwa saratani mwaka 2011.

Msomaji anaweza kucheka: Wazungu wanatenga siku maalumu kwa ajili ya "hujambo"! Nasi tulicheka. Lakini tazameni kwa makini yale mambo manne. La kwanza tunalo tangu enzi za mababu. La pili na la nne ndiyo tunayoyapunguza kila tunapozidi kuwa na haraka. Mzee Ritchie naye hakuwa na swali jipya. Alikuwa na muda, na birika la chai.

Kwa hiyo rai yetu ni ndogo. Tusiiache salamu yetu, tuipe mara ya pili. Mwenzio akishajibu "salama", nyamaza kidogo, kisha uliza tena kwa jina lake: "Mama Fulani, hasa wewe, unalalaje?" "Kaka, mawazo yamepungua?" Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haiijui siri hiyo kwa kuutazama mtungi kwa mbali. Wanafalsafa waendelee kubishana kama upendo ni hali ya ubongo au ni zaidi ya hapo. Kwa vyovyote vile, kilichomo ndani ya mtu hakijulikani mpaka apatikane wa kukaa naye akakisikia.

Na walioko nyumbani, simu ya ndugu ikilia na mkamwuliza habari, kabla ya ada na kabla ya mahindi, mwulizeni mara ya pili.

Msomaji uliye Australia, ukizidiwa na mawazo au ukimhofia mwenzio, Lifeline hupatikana saa 24 kwa nambari 13 11 14. Ukitaka mkalimani, piga kwanza 131 450, taja lugha yako, kisha omba uunganishwe na Lifeline. Panapokuwa na hatari ya papo kwa papo, piga 000.