Kutoka graduati kwenda lisansi: hesabu ya feza imegeuka namna gani?

Wanafunzi wenzetu wa mwaka wa sita wanauliza tena ulizo lile lile: «Kule chuo kikuu wanalipa ngapi?» Mutu akiisha kupata jibu la mwaka wa kwanza, anaandikia wazazi, mbuzi inauzwa, na hesabu inaishia pale. Lakini ile bei ni ya mulango tu. Wengi wetu wa Masisi na Walikale wanaingia vizuri, wanasoma miaka mitatu, kisha wanasimama pale pale. Haiko akili njo inakosa. Ni kwamba kipande cha pili cha masomo kina bei yake, na hakuna mutu aliyewaambia mapema.

Tuanze na mambo ya zamani, maana walimu wetu karibu wote walipita mule. Tangu mageuzi ya mwaka 1971, Serikali ilipounganisha vyuo vikuu vyote kuwa kimoja, UNAZA, masomo ya juu yalikuwa na ngazi mbili: graduati miaka mitatu, kisha lisansi miaka miwili. Ngazi ya kwanza ilikuwa tayari diploma kamili. Gradué angeweza kurudi nyumbani na kufundisha. Kwa karatasi za mishahara anaandikwa G3, na lisansié anaandikwa L2, kama vile mwenye Diploma ya Serikali tu anaandikwa D6. Njo maana jamaa nyingi zilihesabu miaka mitatu peke yake. Na taasisi nyingi za ndani ya nchi zilikuwa na graduati tu. Aliyetaka lisansi alipashwa kufunga mizigo kwenda Goma, Bukavu ao Kisangani.

Sasa mpango ule umeondolewa. Sheria ya masomo ya tarehe 11 Februari 2014 ilileta utaratibu unaoitwa LMD, maana yake Lisansi, Masteri, Doktora, na kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 ulianza kutumiwa katika inchi yote. Lisansi ya LMD ni miaka mitatu yenye kredi 180. Masteri ni miaka miwili yenye kredi 120. Ukijumlisha, ni miaka mitano, sawa na zamani. Kilichogeuka ni jina, na hapa watu wanadanganyika sana. Lisansi ya zamani ilikuwa mwisho wa mwaka wa tano. Lisansi mupya ni mwisho wa mwaka wa tatu, pale pale graduati ilipokuwa. Muzazi akisikia «mutoto wangu amepata lisansi» anafikiri malipo yamekwisha, kumbe anayetaka kufika pale lisansié wa zamani alifika, angali na miaka miwili ya masteri mbele yake. Na kwa desturi ya vyuo, mwaka mumoja wa masteri unalipishwa zaidi kuliko mwaka wa lisansi.

Je, wale waliokuwa katikati? Kwa mpango wenyewe, LMD ilipanda darasa moja kila mwaka, na darasa la zamani likafungwa nyuma yake. Graduati ya kwanza ya zamani ilikwisha na mwaka 2020-2021, ya pili na 2021-2022, ya tatu na 2022-2023, hata kama kalenda za vyuo vingine zilichelewa. Mwanafunzi aliyeanguka, ao aliyebaki nyumbani mwaka mumoja kwa kukosa minervali, alirudi na kukuta darasa lake haliko tena. Alipashwa kuingia kwa mpango mupya, chuo kikatazama karatasi zake za pointi na kumwambia ni masomo gani yanahesabiwa na gani atarudilia. Kila mwaka wa kurudilia ni minervali nzima tena. Vilevile gradué wa siku nyingi anayetaka leo kuendelea: asifikiri ataingia moja kwa moja masteri. Aulize kwanza.

Sasa tuje kwa neno lenye kuumiza zaidi, ni dolari. Vyuo vyetu vinapanga malipo kwa dolari. Baba na mama wanauza maharagwe, viazi, fromaji, mihogo, mafuta ya mawese, na wanalipwa franga. (Kule Walikale, upande wa kasiterite, kuna wanaoshika dolari, lakini si kila mutu iko na kijana kwenye mashimo, na kijana akiisha kuzoea mashimo ni vigumu kumurudisha kwenye kitabu.) Tufanye hesabu. Tuseme chuo kinaomba dolari 200, na hakijaongeza hata moja kwa miaka kumi. Mwaka 2015 dolari moja ilikuwa karibu franga 920, basi malipo yalikuwa franga 184,000. Mwisho wa mwaka 2017 ilikuwa karibu 1,600: franga 320,000. Mwaka 2021 karibu 2,000: franga 400,000. Mwaka 2024 karibu 2,800: franga 560,000. Chuo kinasema kwa haki kabisa kwamba hakikuongeza. Muzazi anasema kwa haki kabisa kwamba malipo yamepita mara tatu. Mwisho wa mwaka 2025 franga ilipata nguvu kidogo, dolari ikashuka chini ya 2,500, lakini nani angejua mbele? Mutoto anayeanza leo atafika masteri kisha miaka mitatu, na bei ya dolari ya siku ile hakuna anayeijua.

Jambo hili si la kwetu milimani tu. Januari 2020 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kinshasa waliandamana kwa sababu ya malipo kuongezwa. Ikawa fujo, polisi mumoja akauawa, Serikali ikasimamisha masomo na kutoa wanafunzi katika nyumba za chuo. Maskini wa mbali, wasio na jamaa mjini, walilala wapi?

Kwa kulinganisha tu: kule Uingereza wako na diploma ya miaka miwili inayofanana kidogo na graduati yetu, na mwenye nayo anaweza kuongeza mwaka ao zaidi ili apate digrii kamili. Mwaka 2012 kiasi cha juu cha malipo kilipanda kutoka paundi 3,375 mpaka paundi 9,000 kwa mwaka. Waliokuwa wameanza ile diploma mbele ya 2012 na kuendelea moja kwa moja, walihesabiwa kuwa wanafunzi wa zamani. Aliyepumzika katikati aliingia kwa bei mupya. Kwetu malipo hutangazwa kila mwaka wa masomo, na unalipa bei ya mwaka ule, hata kama ulianza wakati wa bei nyingine. Lakini neno la kupumzika ni moja kwetu na kwao: mwaka mumoja wa kusimama unaweza kugharimu kuliko mwaka wa kusoma.

Tusisahau safari na nyumba. Masisi mpaka Goma ni karibu kilometa 80. Kutoka Walikale ni zaidi ya 200. Vita vya mwaka 2025 vilifunga barabara mara kwa mara, na tangu mwisho wa Januari 2025 banki za Goma zilifunga milango, wakati minervali inalipwa kwa banki. Jamaa zilituma feza kwa simu, na kila kutuma kunakatwa kidogo. Kidogo hapa, kidogo pale, mwisho wa mwaka ni bei ya sylabus.

Basi, mbele ya kujiandikisha popote, hata kwa chuo cha kanisa kama ULPGL ya Goma, kilichoanzishwa mwaka 1985 na kinachojipangia malipo yake chenyewe, ulizia ofisini maneno haya. Masteri ya tawi langu inafundishwa hapa, ao nitapashwa kuhama? Malipo ya masteri mwaka huu ni ngapi, si ya mwaka wa kwanza tu? Inalipwa kwa vipande vingapi, na kwa dolari ya bei gani: ile ya siku ya kulipa, ao ile iliyoandikwa mwanzo wa mwaka? Nikishindwa kredi kadhaa, nalipa mwaka muzima ao zile kredi tu? Andika majibu kwenye karatasi, na nakala moja ubakishe kwa wazazi.