Nyimbo za Machimboni: Kutoka Shimoni hadi Redioni

Katika kipindi kimoja cha fasihi simulizi mjini Muyinga, tulikuwa tukitaja aina za nyimbo za kazi, na katika mifano yetu tukaweka nyimbo za wachimba makaa ya mawe. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, makaa huchimbwa au huchomwa?" Darasa zima likaangua kicheko. Hata hivyo, swali lilikuwa la haki kabisa. Kwetu Burundi makaa, ambayo kwa Kirundi huitwa amakara, huchomwa kutokana na miti, hutiwa magunia na kupakiwa kwenye baiskeli kupelekwa mjini. Kinachochimbwa ni nyiramugengeri ya mabondeni, pamoja na madini kama dhahabu ya Butihinda, katika uliokuwa mkoa wa Muyinga. Mwanafunzi yule alitukumbusha kwamba tunafundisha nyimbo za kazi ambayo wengi wetu hatujaiona.

Katika makala hii fupi, basi, tunakusudia kueleza mambo matatu: nyimbo za machimboni ni nyimbo za namna gani, zilifikaje redioni, au kwa nini hazikufika, na zina faida gani kwa mwalimu na mwanafunzi wa Kiswahili wa Gitega na Muyinga.

Hodiya na wimbo kuhusu kazi

Wataalamu wa fasihi simulizi huziita nyimbo za kazi hodiya. Sifa yake kuu ni kwamba wimbo huongozwa na kazi yenyewe. Kiongozi hutoa ubeti mfupi, wenzake huitikia, na pigo la jembe, nyundo au kasia ndilo linalopima mizani. Wimbo hauna urefu maalumu. Kazi ikiisha nao umekwisha. Maudhui yake huwa ni kutiana moyo, kutaniana, na mara nyingi kumsema msimamizi kwa mafumbo ambayo yeye mwenyewe hayaelewi.

Shimoni, hata hivyo, mambo hubadilika. Mashine za kutobolea mawe zina kelele, vumbi hukaba koo, na kila mtu yuko kwenye sehemu yake. Kwa hiyo nyimbo nyingi tunazoziita za machimboni haziimbwi wakati wa kazi. Huimbwa baada ya zamu: kambini, baa, ngomani na katika treni ya kwenda na kurudi. Hapa ndipo tunapowaomba walimu watenganishe istilahi. Wimbo unaoimbwa ili kazi ifanyike ni hodiya. Wimbo unaosimulia kazi, mshahara, deni, ajali na mke aliyeachwa kijijini ni wimbo kuhusu kazi. Tofauti hii si ya kujaza daftari tu. Itatusaidia kuelewa ni wimbo upi ulioweza kuingia redioni.

Katanga na Kiswahili chake

Machimbo yaliyo karibu zaidi na historia yetu ni yale ya Katanga. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906 kuchimba shaba, na makaa ya mawe yalichimbwa Luena, katika eneo la Bukama. Wafanyakazi walitafutwa mbali. Katika miaka ya 1920 baadhi yao waliandikishwa kutoka Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi ya leo. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, ameeleza jinsi Kiswahili kilivyokuja kuwa lugha ya kazi katika miji hiyo ya migodi, ambako watu wa makabila mengi walikutana kambini bila lugha moja ya nyumbani.

Ndani ya Kiswahili hicho, maneno kama kazi, posho, kipande na kambi yalibeba maisha mazima ya mtu. Yalibeba machungu pia. Mnamo Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma mjini Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, walipigwa risasi na askari.

Kisarufi, Kiswahili cha Katanga kina sura yake. Watu wanaweza kuwa bantu au batu, vitu vikawa bintu, na kuja kukawa kuya. Mwanafunzi wa Gitega akisikia hivyo hucheka, lakini haraka sana hutambua abantu na ibintu vya Kirundi. Kwa maneno mengine, lahaja tunayoiita "mbovu" ndiyo iliyo jirani zaidi na lugha ya mama ya mwanafunzi wetu.

Redio ilichagua nini?

Mwaka 1952 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi kijana mpiga gitaa, Mwenda Jean Bosco, mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi. Wimbo wake Masanga ulisambaa kwa santuri katika sehemu nyingi za Afrika. Baadaye Bosco alikaa Nairobi kwa muda, akawa na kipindi redioni, na wapiga gitaa wengi wa Kenya wakaiga vidole vyake. Bosco hakuwa mchimbaji, na nyimbo zake nyingi hazielezi migodi. Lakini alikulia kimuziki katika miji ya migodi, na aliimba kwa Kiswahili cha huko. Hivyo Kiswahili cha Katanga kilisikika Nairobi bila kuomba ruhusa kwa mwanasarufi yeyote.

Upande wa pili wa mpaka, katika Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), redio ndogo ya betri ilianza kuuzwa mwaka 1949 kwa pauni 5. Kwa umbo lake la duara watu waliilinganisha na sufuria, na jina hilo likashika. Wenye mishahara, wakiwamo wa migodi ya shaba, waliweza kuinunua. Kituo cha Lusaka kilirekodi muziki wa wenyeji, na mtangazaji na mwanamuziki Alick Nkhata alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hiyo.

Tukichunguza mifano hii tunaona kwamba redio na santuri zilikuwa na masharti yake:

1. Urefu. Upande mmoja wa santuri ya zamani ulichukua takriban dakika tatu. Hodiya isiyo na mwisho haikuenea humo.

2. Idadi ya waimbaji. Mtu mmoja na gitaa lake mbele ya kinasa sauti ni rahisi kuliko watu arobaini na nyundo.

3. Mamlaka. Katika enzi ya ukoloni redio ilikuwa mikononi mwa serikali, na wimbo wa kumsema msimamizi haukuwa na mtetezi studioni.

4. Lugha. Mafumbo ya kambini yalieleweka na wa kambini. Msikilizaji wa mbali alitaka wimbo unaojieleza wenyewe.

Ndiyo maana wimbo kuhusu kazi uliingia redioni, na hodiya ikabaki mlangoni.

Mambo hayo hayakutokea Afrika peke yake. Nchini Marekani, Merle Travis alitoa mwaka 1947 wimbo Sixteen Tons, unaohusu mchimba makaa ya mawe na deni lake katika duka la kampuni. Ulivuma mno mwaka 1955 ulipoimbwa upya na Tennessee Ernie Ford. Nchini Uingereza, mwaka 1961, BBC ilitangaza kipindi The Big Hewer kilichotayarishwa na Ewan MacColl, Peggy Seeger na Charles Parker. Wao walifanya jambo tofauti: waliwafuata wachimba makaa wakarekodi mazungumzo yao, kisha wakatunga nyimbo kutokana na maneno hayo na kuzichanganya na sauti za wachimbaji wenyewe. Huko Afrika Kusini, Hugh Masekela, aliyezaliwa mwaka 1939 Witbank, mji wa makaa ya mawe, alirekodi Stimela katika miaka ya 1970, kuhusu treni iliyowaleta wafanyakazi kutoka nchi jirani hadi migodi ya Johannesburg. Mwalimu wa Kiswahili atambue kwamba stimela na stima yetu ni ndugu: yote mawili yametokana na neno la Kiingereza la chombo cha mvuke.

Kosa letu wenyewe

Hapa hatuna budi kukiri jambo. Miaka kadhaa iliyopita tuliwapa wanafunzi zoezi la kukusanya nyimbo za kazi vijijini kwao. Mmoja, mzaliwa wa Muyinga, alileta wimbo aliousikia kwa bibi yake. Bibi aliupata kwa baba yake, ambaye alikwenda Katanga akiwa kijana na kurudi na Kiswahili cha kambini. Tulichukua kalamu nyekundu. Kila penye batu tukaandika watu, penye bintu tukaandika vitu. Mizani ikavunjika, nasi tukaandika pembeni: "Mizani haikuzingatiwa." Mwanafunzi akapata alama za chini.

Alipotaka kurudi kwa bibi yake kuuliza beti zilizosalia, bibi alikwisha kufariki. Kilichobaki ni karatasi ile, na juu yake wino wetu. Tulikuwa tumefanya kile kile tunachoilaumu redio: kuufungia nje wimbo kwa sababu haukufanana na tulichokizoea.

Tufanye nini?

Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Kiswahili sanifu kina nafasi yake shuleni na katika mtihani. Hatusemi kiachwe. Tunasema kazi ya kukusanya si kazi ya kusahihisha. Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo kwa wenzetu wa Gitega na Muyinga:

Kwanza, mwanafunzi arekodi wimbo kwa simu, baada ya kumwomba fanani idhini, kisha auandike kama ulivyotamkwa. Tafsiri ya Kiswahili sanifu iwekwe kando, isiwekwe juu yake.

Pili, pamoja na wimbo arekodiwe fanani akieleza: uliimbwa wapi, na nani, wakati gani, kazi gani ikifanyika. Bila maelezo hayo hatutajua kama ni hodiya au ni wimbo kuhusu kazi.

Tatu, tusiwatafute waliokwenda Katanga tu. Wako wajukuu wa manamba waliokata mkonge Tanganyika, wako waliolima Buganda, wapo wanaochimba dhahabu na nyiramugengeri leo.

Nne, nakala moja ihifadhiwe idarani na nyingine arudishiwe fanani au familia yake. Wakikubali, nakala ipelekwe pia redioni. Kwa kinasa cha leo, dakika tatu si sharti tena.

Yule mwanafunzi aliyeuliza kuhusu makaa tulimjibu siku ile kwamba ya miti huchomwa na ya mawe huchimbwa. Jibu lilikuwa sahihi, lakini fupi mno. Tungemwambia pia aende kumuuliza mzee wa kwao aliyewahi kushuka shimoni, na atege sikio kabla ya kushika kalamu.